Kinacholiwa na Kinachobaki

Waulize mke na mume wanaoishi Tabata au Kongowea nani analipa kodi ya nyumba, utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza. Nani ananunua gesi, nani anatoa ada, nani anaweka umeme, yote hayo yanajulikana. Sasa uliza jambo jingine: mwezi ukiisha na kila kitu kikishalipwa, kila mmoja anabaki na kiasi gani, na miaka mitano ya kulipa hivyo imemwachia nini. Hapo watu hutazamana. Mazungumzo yetu kuhusu gharama za nyumba, yawe ya redioni, ya kwenye vikao vya kumfunda bibi harusi au ya vijiweni, yamekwama kwenye swali la nani alipe. Swali hilo ni la lazima, lakini hata likijibiwa vizuri halitoshi kuleta haki. Watu wawili wanaweza kulipa sawa kwa sawa kila mwezi, bila ugomvi wowote, na baada ya miaka kumi mmoja akawa na nyumba na mwingine akawa na masufuria.

Tuanze na kanuni tuliyoikuta. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume amtunze mke au wake zake kwa makazi, mavazi na chakula, kwa kiwango kinacholingana na uwezo wake. Mke huingia kwenye wajibu wa namna hiyo pale tu mume anapokuwa ameshindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya majeraha au maradhi ya mwili au ya akili, na yeye mke awe na uwezo. Fiqhi ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyojenga nyumba nyingi za mwambao, inafika hapo hapo kwa njia yake: matunzo ya mke ni juu ya mume kwa kadiri ya wasaa wake, na mali ya mke ni yake mwenyewe. Hindi, mke wa Abu Sufyan, alipomlalamikia Mtume kwamba mumewe ni bahili, aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe bila kupita kiasi. Na Zainabu, mke wa Abdallah bin Masud, aliyekuwa na chake huku mumewe akiwa hana kitu, aliambiwa kwamba akimpa mumewe ana ujira mara mbili. Alichotoa kilihesabiwa wema, hakikuwa deni alilodaiwa.

Kanuni hiyo ilikuwa wazi, na uwazi ni jambo la thamani. Ila ilikuwa na bei yake: aliyelisha ndiye aliyeamua. Tena ilijengwa kwenye maisha ambamo riziki ya mtu mmoja ingeweza kubeba nyumba, au ambamo shamba la mke lilileta chakula bila mtu kulitaja kuwa ni mchango. Leo mshahara mmoja wa kawaida mjini haubebi kodi, chakula na ada kwa pamoja. Wanawake wanafanya kazi, wanauza, wanakopa, na fedha yao inaingia kwenye sufuria kila siku. Kanuni inayotamkwa haijabadilika, kwa hiyo fedha hiyo huingia kimyakimya. Mume akilipa ametimiza wajibu. Mke akilipa amesaidia. Mchumi Amartya Sen aliandika mwaka 1990 kwamba ndani ya familia, anachopata mtu hutegemea sana anachoonekana kuleta, zaidi ya anacholeta hasa. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha mambo yote haya. Mchango usiohesabiwa haudai chochote.

Zipo njia chache ambazo watu huendesha nazo fedha za nyumba, na zinafanana nchi kwa nchi. Jan Pahl, mtafiti wa Uingereza, katika kitabu chake Money and Marriage cha mwaka 1989 alieleza njia kuu nne: mmoja kukabidhi mapato yote kwa mwenzake ayasimamie, mmoja kumwachia mwenzake fungu la matumizi na kubaki na mengine, wote wawili kutia kwenye chungu kimoja, na kila mtu kukaa na zake huku wakigawana malipo. Sisi tunazo zote nne, lakini zinazotawala ni ya pili na ya nne, na mara nyingi zimechanganywa.

Hiyo ya pili ndiyo hela ya mezani, na inafaa kutazamwa kwa karibu. Tuseme mume anaacha elfu kumi asubuhi kabla hajatoka. Mchele kilo moja na nusu, maharage nusu kilo, mafuta ya kupima, nyanya mafungu mawili, vitunguu, nazi moja: elfu kumi imeshakwenda. Bado hakuna sukari ya chai, hakuna sabuni ya kufulia, hakuna nauli ya mtoto, na kesho mwalimu anataka fedha ya mtihani. Mume anaweza kuapa, tena kwa ukweli mtupu, kwamba hajawahi kutoka nyumbani bila kuacha hela. Mke naye anajua kwamba tangu elfu kumi ianze kuachwa, mchele umepanda mara tatu na elfu kumi haijasogea. Pengo hilo linazibwa na mtu. Linazibwa na faida ya vitumbua, na mchezo uliotakiwa kununulia cherehani, au na mkopo wa kausha damu unaorejeshwa kila siku jioni. Hakuna mahali linapoandikwa. Ukiwauliza wote wawili nani analisha nyumba hii, watajibu kwa sauti moja: baba.

Njia ya nne, ile ya wewe kodi mimi chakula, hupendwa na wafanyakazi kwa sababu inaonekana safi. Kasoro yake ni kwamba vitu vinavyogawanywa havina tabia moja. Kodi hupangwa kwa miezi sita au mwaka, na ikishalipwa mlipaji analala. Chakula hupanda katikati ya wiki. Sukari ilipoadimika Tanzania mwanzoni mwa 2024 na bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo sehemu mbalimbali, aliyekuwa na fungu la chakula ndiye aliyeumia. Mwenye fungu la kodi hakusikia kitu. Mgeni akija kutoka kijijini, wifi akija likizo, kodi haiongezeki hata shilingi, lakini sufuria inabadilika. Hata umeme una mambo yake: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo Tanzania hukatwa kupitia LUKU, pale umeme unaponunuliwa, kwa hiyo anayeweka umeme kwenye nyumba ya kupanga hukatwa kodi ya jengo lisilo lake, na kama hakukumbuka kuidai kwa mwenye nyumba, imekwenda. Mgawanyo uliokuwa sawa Januari unaweza kuwa wa dhuluma ifikapo Juni bila yeyote kuvunja ahadi. Wanaogawana vitu wanatakiwa warudi mezani kila baada ya miezi michache wabadilishane au wapange upya. Wachache sana hufanya hivyo, maana kuomba mazungumzo ya fedha huchukuliwa kuwa ni kuanzisha ugomvi.

Sasa tufanye hesabu. Mume analeta shilingi 900,000 kwa mwezi baada ya makato, mke 450,000. Kodi ni 200,000 kwa mwezi. Chakula cha elfu kumi kwa siku ni 300,000. Umeme 30,000, maji 15,000, gesi 30,000, dada wa kazi 100,000, taka na ulinzi shirikishi 15,000. Jumla ni 690,000.

Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 345,000. Mume anabaki na 555,000, mke anabaki na 105,000. Kwenye hiyo 105,000 mke atoe nauli ya kwenda kazini mwezi mzima, vocha, nywele, dawa, na chochote cha kumtumia mama yake. Hana anachoweza kuweka. Wakigawana kwa uwiano wa mapato, yaani mume theluthi mbili na mke theluthi moja, mume anatoa 460,000 na mke 230,000. Wanabaki na 440,000 na 220,000. Wakiamua kubaki sawa, mume anatoa 570,000 na mke 120,000, na kila mmoja anashika 330,000.

Vijana wengi wa mjini, hasa wanaoishi pamoja kabla ya ndoa, huingia kwenye nusu kwa nusu wakiamini ndiyo usawa wenyewe. Ni usawa iwapo mapato yanakaribiana. Yakitofautiana kama haya niliyoyaandika, ni mzigo mmoja kuwekwa kwenye mabega mawili yasiyolingana. Tatizo lake kubwa halimo hata kwenye hesabu za mwezi. Limo kwenye kiwango cha maisha kinachochaguliwa, kwa kuwa mwenye nyingi ndiye huvutia nyumba ya gharama, king'amuzi cha kifurushi kikubwa, shule ya basi la njano, na mwenzake anatakiwa kulipa nusu ya maisha ambayo peke yake asingeyachagua. Anayetaka nusu kwa nusu akubali pia kuishi kwa kipimo cha mwenye kidogo.

Uwiano wa mapato naona ndicho kiwango cha chini cha haki. Kubaki sawa ndiyo bora zaidi pale panapokuwa na watoto, na najua wapo watakaopinga: kwa nini anayechuma zaidi asibaki na zaidi? Jibu limo ndani ya nyumba yenyewe. Yule wa 900,000 anatoka saa kumi na moja alfajiri, anakubali safari za mikoani, anabaki ofisini mpaka usiku, kwa sababu yupo mtu aliyepanga maisha yake yawezekane. Yule wa 450,000 huenda aliacha nafasi ya Dodoma kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya. Tofauti ya mishahara ya wanandoa mara nyingi imetengenezwa na ndoa yenyewe, kisha ndoa hiyo hiyo inaigeuza kuwa kipimo cha nani astahili nini.

Hapo tumegusa kazi isiyo na risiti. Kupika, kufua, kuchota maji pale mabomba yanapokauka, kumpeleka mtoto kliniki, kukesha na mgonjwa, kumsimamia dada wa kazi. Ukitaka kujua thamani yake, toa tu mtu anayeifanya uone kila moja inanunuliwa kwa bei gani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililipokea jambo hili mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: wengine walisema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, wengine wakasema ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Mahakama ya Rufani ikakata kwamba ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba aliyoipigania, kwa sababu mahakama iliona alikuwa ametapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya maendeleo ya familia. Hata hivyo aliacha mlango wazi kwa waliomfuata. Wanaopanga mgawanyo wa gharama leo wanao msingi huo tayari, kwamba anayefanya kazi nyingi za nyumba ameshalipa sehemu kabla hajafungua pochi.

Nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Gharama za familia ni za aina mbili. Zipo zinazoliwa zikaisha: chakula, gesi, umeme, sabuni, daftari, sare, dawa. Na zipo zinazobaki: kiwanja, tofali, bati, pikipiki, shamba, hisa. Sasa angalia nyumba nyingi zinavyogawana. Mke, kwa kuwa yuko karibu na jiko na watoto, huchukua zinazoliwa. Mume, kwa kuwa ndiye anayetarajiwa kujenga, huchukua zinazobaki. Wanakubaliana kwa mapenzi kabisa: mama, wewe shika chakula na ada, mimi nisukume ujenzi wetu. Mke anaweza hata kutoa zaidi kuliko mumewe. Baada ya miaka minane mume ana hati ya mauziano iliyoshuhudiwa serikali za mitaa, risiti za saruji, jina lake kwenye kila karatasi. Mke ana watoto waliolishwa vizuri. Hakuna karatasi inayoonyesha kwamba nondo zile zilipatikana kwa sababu mshahara wa mume haukuguswa na nyanya.

Mambo yakiwa shwari hili halionekani. Huonekana ndoa ikivunjika, au mume akifariki na ndugu zake wakaja kuhesabu mali. Na sheria inapoingia, inaanza na karatasi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania kinachukulia kwamba mali iliyoandikwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyoandikwa majina ya wote inachukuliwa kuwa yao kwa usawa. Kweli, kifungu cha 114 kinaiambia mahakama itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, itazame mahitaji ya watoto, itazame hata madeni ambayo mmoja aliyachukua kwa faida ya wote, kisha ielekee kwenye usawa. Hilo la madeni wengi hawalijui, na linamhusu moja kwa moja yule aliyekopa kausha damu ili watoto wale. Lakini kutazama mchango maana yake kuna mtu anatakiwa authibitishe.

Kenya imelisema hilo kwa uwazi zaidi. Katiba ya 2010, ibara ya 45, inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na inapovunjika, na wengi waliisoma kuwa ni nusu kwa nusu. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 ikaja na kusema umiliki utafuata mchango, na ikahesabu kuwa mchango kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kumliwaza mwenza, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shambani. Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri la JOO dhidi ya MBO, ikafunga mjadala: usawa wa kikatiba haumpi mtu nusu ya mali moja kwa moja, kila mmoja athibitishe alichochangia. Mke katika shauri hilo alipata nusu, lakini aliipata kwa kuonyesha kwamba alifanya kazi, alichangia na alilea. Uamuzi huo naona una mantiki kisheria, na papo hapo unaniogopesha, kwa kuwa unamtaka atunze ushahidi yule ambaye mgawanyo wa nyumbani ulimpa vitu visivyo na ushahidi. Nani anatunza risiti ya genge?

Kundi moja linaumia hapa kwa namna yake. Wapo wanawake wa Tanzania na Kenya wanaokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani, na kutuma fedha nyumbani kila mwezi. Anatuma kwa mume kwa sababu ndiye aliyeko kwenye kiwanja. Mume ananunua, mume anasaini, fundi anamjua mume. Safari hii mke ndiye anayelipia kinachobaki, na bado karatasi zinasoma jina la mwingine. Kwake kila muamala wa benki au wa simu ni wa kutunzwa, na jina lake liingie kwenye hati ya mauziano siku ile ile kiwanja kinaponunuliwa, asisubiri kurudi.

Walio kwenye sogea tukae, yaani wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa, wako hatarini zaidi. Kifungu cha 160 cha sheria ya Tanzania kinasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kwa watu kuwa mke na mume, itachukuliwa kwamba wameoana, ila dhana hiyo inaweza kupingwa. Mwanamume akiwa na ndoa ya Kikristo mahali pengine, inaanguka. Kenya, Mahakama ya Juu mwezi ule ule wa Januari 2023, katika shauri la MNK dhidi ya POM, ilisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra sana, na mali ya wale wawili waliokuwa wameishi pamoja kwa miaka ikagawanywa kwa kutazama mchango wa kila mmoja. Kwa hiyo binti anayenunua kitanda, jokofu na chakula cha kila siku kwenye chumba kilichopangwa kwa jina la mwenzake, na kijana anayemlipia ada ya chuo mchumba aliyehamia kwake, wote wawili wajue wanasimama kwenye sakafu isiyo ya saruji. Makubaliano yao yanapaswa kuwa ya maandishi zaidi kuliko ya wanandoa, na watu hufanya kinyume: wanaona aibu kuandikiana kwa sababu bado ni wapenzi.

Nimesikia ikisemwa kwamba dawa ya yote haya ni uwazi, kila mmoja aweke payisilipu mezani. Uwazi ni mwema, lakini tusiwahukumu haraka wanaoficha. Jonathan Robinson, mchumi wa Marekani, alichapisha mwaka 2012 utafiti wa wanandoa wa magharibi mwa Kenya. Kwa wiki nane, kila mmoja alikuwa na bahati nasibu yake ya kupewa shilingi 150 za Kenya. Fedha ile haikutoka kwenye jasho la yeyote, kwa hiyo nyumba inayogawana kikwelikweli ingeitumia namna moja, awe ameipata mke au mume. Haikuwa hivyo. Mume alipopata yeye, matumizi yake binafsi yalipanda. Alipopata mke, ya mume hayakupanda. Uingereza nako, mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali ilipohamisha ruzuku ya watoto kutoka kwenye mshahara wa baba kwenda mkononi mwa mama, matumizi ya nguo za wanawake na watoto yaliongezeka yakilinganishwa na ya wanaume. Fedha inakumbuka imeingia kwa mkono wa nani.

Mke anayeficha kikoba chake anajua hilo bila utafiti. Ameona kwa dada yake: siku mume alipojua biashara imechanganya, hela ya mezani ilipungua, kisha ikakoma, na mapato mapya ya mke yakawa yamenunua muda wa mume kukaa baa. Mume anayeficha mshahara naye ana hofu zake. Anaogopa kila ongezeko litakuwa limeshapangiwa matumizi kabla halijaingia, na ndugu wa pande zote watajua. Kwa hiyo makubaliano yatangulie uwazi. Kwanza mkubaliane kwamba kila mmoja ana fungu lake ambalo halihojiwi, na kwamba mapato ya mmoja yakipanda, ya mwingine hayaondolewi nyumbani. Mtu akishaona kusema ukweli hakumgharimu, atasema.

Kuhusu ndugu sitachelewa. Kutuma nyumbani si anasa kwa watu wetu, na mgawanyo wowote unaojifanya haujui kuna mama kijijini na mdogo aliyeko chuo utavunjika mwezi wa pili. Wazazi wa pande zote mbili wawekwe kwenye bajeti ya pamoja kwa kiasi kinachofanana. Zaidi ya hapo kila mtu atoe kwenye fungu lake. Mwenye wake wawili aanze hesabu yake kwa kujua ana nyumba mbili, na kwamba chungu cha bi mkubwa hakijengi nyumba ya bi mdogo.

Wengi wa wasomaji, hata hivyo, hawana mshahara wa mwezi. Dereva wa bodaboda na mama wa genge hawawezi kugawana theluthi mbili ya kitu ambacho hawajui kesho kitakuwa kiasi gani. Kwao ipo dhuluma moja ambayo imezoeleka mpaka haionekani. Bodaboda ana hesabu ya bosi: kila jioni kuna kiasi ambacho si chake, kinatoka kwanza, na hakuna mke anayemwambia anunue nyama kwa hesabu ya bosi. Mama wa genge naye ana mtaji, fedha ya kurudi nayo sokoni alfajiri, lakini mtaji wake hukaa kwenye kanga na kila mtu ndani ya nyumba anauona ni fedha iliyopo. Usiku sukari ikiisha, inatoka humo. Mtoto akiumwa, inatoka humo. Baada ya miezi mitatu genge limebaki na nyanya tatu na watu wanasema biashara za wanawake hazikui. Mtaji wa mke upewe heshima ile ile ya hesabu ya bosi: utengwe kwanza, usiguswe, na kinachobaki baada yake ndicho kigawanywe, siku nzuri kwa wingi, siku mbaya kwa uchache.

Ningekuwa nawashauri wawili wanaoanza, ningewapa mpangilio huu. Waandike kila gharama ya nyumba ya mwezi mzima, pamoja na ndogo ambazo huwa hazitajwi. Waandike na kazi za mikono, nani anazifanya. Watie kwenye mfuko mmoja kwa uwiano wa mapato au kwa kubaki sawa, na mfuko huo ulipe vyote, vinavyoliwa na vinavyobaki, ili pasiwe na mtu wa nyanya na mtu wa tofali. Kama hawataki mfuko mmoja, basi kila mmoja awe na sehemu kwenye pande zote mbili: mume anunue mchele na mke anunue saruji, risiti ziandikwe majina yao. Kiwanja kiandikwe kwa majina ya wote wawili tangu siku ya kwanza. Sheria ya Kenya ya 2013 inawaruhusu wanaokaribia kuoana kuandikiana mapatano ya mali. Tanzania, hati ya mauziano yenye majina mawili peke yake inafanya kazi kubwa.

Na mapatano yaseme mapema itakuwaje kipato cha mmoja kikikatika. Mwanamke aliyeajiriwa Tanzania ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama wa genge hana hata moja. Siku anayojifungua, sehemu yake ya mfuko ishuke hadi sifuri na ya mwenzake ipande, mtaji wake ukae ulipo, na hayo yawe yameshakubaliwa na kuandikwa wakati tumbo bado dogo.